Vipimo vya Miguu ya Koku

Tabora,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Kamugisha,

Naomba radhi kwa kukaa kimya miezi mitatu. Barua yako niliipata mapema, na karatasi ya kukujibu imekuwa juu ya meza yangu muda wote huo. Sikuandika kwa sababu nilitaka hasira ipungue kwanza, maana mtu wa umri wangu hapaswi kushika kalamu akiwa amekasirika. Hasira haikupungua. Nimeona niandike hivyo hivyo.

Kabla ya yote, nijulishe hali ya Mama. Mguu uliokuwa umevimba umepona, au bado anaficha maumivu mpaka ashindwe kusimama? Mwambie dawa ya kupaka niliyompa Mwalimu Kaijage, mwenzangu wa shule hapa, amletee ni ya mguu wake yeye Mama, asiigawe kwa majirani. Mkeo na watoto hawajambo? Migomba ya upande wa bondeni iliyoangushwa na upepo mmeiondoa? Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo sasa yanataka taa hata mchana. Huku ni jua na vumbi. Mvua tunaisikia redioni ikitajwa kwamba imenyesha kwenu.

Sasa nianze.

Unajua vizuri kwa nini nilitaka baiskeli ile itengenezwe. Dada yetu Koku, tangu afiwe na mumewe na kurudi nyumbani Kishanda, amepewa na zahanati ya kanisa kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Ugonjwa wenyewe unaujua, huu mpya wa kukondesha watu mpaka kaburini. Vijana wa huko wameupa jina la kile kitambaa cha magendo, Juliana, kana kwamba ukipewa jina la kitambaa utaua taratibu zaidi. Koku ana vijiji vinne, na kati ya kijiji na kijiji kuna mlima, na juu ya mlima kuna utelezi. Aliniandikia mara moja tu kuhusu jambo hilo, wala hakulalamika. Alisema kwamba nyumba nyingine huzifikia mara moja kwa wiki mbili, na kwamba akifika hukuta mgonjwa ameshasogezewa kiti mlangoni, amemngoja tangu asubuhi ya juzi.

Nilisoma maneno hayo nikaenda kwa Mzee Maganga.

Mzee Maganga ni fundi wa baiskeli, na katika mji huu ambao kila mtu anapanda baiskeli, yeye ndiye huitwa wengine wanaposhindwa. Nilimwambia sitaki baiskeli ya dukani. Baiskeli ya dukani imekusudiwa barabara kavu. Mvua ikinyesha, breki hukamata rimu iliyolowa na haikamati kitu, na tope hujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Nilitaka baiskeli moja inayoweza kwenda siku ya jua na siku ya mvua, kwenye lami ya Bukoba na kwenye njia ya ng'ombe, ikiwa na mzigo au bila mzigo. Nilichora mchoro kwenye daftari la mazoezi, naye akaufuta kwa kidole chenye grisi na kuchora upya.

"Mwalimu, hiyo mvua ya kwenu huwa haiishi?"

"Huisha, kisha huanza."

"Na tope lake?"

"Jekundu. Likikauka mpaka upasue kwa panga."

"Basi hapa tuache nafasi ya vidole viwili kati ya tairi na madigadi. Na breki tutaiweka ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, akanyage pedeli kinyumenyume, isimame. Maji hayafiki huko. Mnyororo tuufunike wote kwa bati."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtaimbo wa juu tuliuinamisha ili mtu aliyevaa kitenge apande kwa heshima. Mbele kuna fremu ndogo ya kushika sanduku la dawa lisiyumbe. Nyuma kuna keria ya chuma kinene yenye kiegemeo kinachoweza kufungwa na kufunguliwa, ili ikitokea mgonjwa wa kupelekwa Rubya hospitalini, aketi kama mtu, asisubiri wanaume wanane wa kubeba machela, ambao siku hizi wenyewe wamechoka kwa misiba. Mabomba ya chuma tulihangaika kuyapata, kwa sababu tangu vita viishe kila kitu kinahitaji kibali, na mwenye kibali hana bidhaa, na mwenye bidhaa hataki kuona kibali. Ilichukua miezi saba.

Lakini kabla ya kukata bomba hata moja, Maganga alitaka vipimo vya mpandaji. Hapokei vipimo vya kuandikwa. Anataka kamba yenyewe. Nikakuandikia wewe, Kamugisha, kwa sababu wewe ndiye mkuu wa nyumba baada yangu. Nilikueleza kwa maneno ambayo mwanafunzi wa darasa la nne angeyaelewa: Mama ampime Koku kwa kamba tatu, moja ya mguu, moja ya kiwiliwili, moja ya mkono, kila moja ifungwe fundo na kutiwa kwenye bahasha.

Kamba zilikuja. Maganga aliinyoosha ile ya mguu sakafuni, akaitazama, akanitazama mimi.

"Dada yako ni twiga?"

Nami, kwa upumbavu wangu, nilijibu kwa fahari kwamba marehemu baba yetu alikuwa mrefu na sisi wote tumemfuata yeye.

Baiskeli ikatengenezwa kwa kamba zile. Ikapanda treni hadi Mwanza, ikapanda meli hadi Kemondo, ikapakiwa kwenye lori hadi Muleba, na mimi huku nilihesabu siku kama mtu aliyeposa. Ndipo ikaja barua yako. Uliandika: "Kaka, asante sana, chombo ni kizuri mno, kinanikaa kana kwamba fundi alinipima mimi mwenyewe."

Nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena.

Fundi alikupima wewe mwenyewe, Kamugisha! Ulichukua kamba zilizokusudiwa miguu ya dada yako, ukazinyoosha kwenye miguu yako, ukazifunga mafundo, ukazituma kwangu ukiwa na akili timamu. Hukukosea. Mtu akikosea hukosea kamba moja. Wewe ulipatia zote tatu.

Koku naye aliandika. Barua yake ina mistari minne, na yote minne ni ya shukrani. Ingekuwa ni yeye peke yake ningeendelea kudhani mambo ni mema. Ila Mwalimu Kaijage, niliyempa ile dawa ya Mama, alikuja huko kwa likizo, akapita Kagoma siku ya gulio, na aliyoyaona alinieleza aliporudi, kwa shida, kwa kuwa ni mtu mstaarabu na hapendi kubeba habari.

Alisema baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye ghala la kahawa, na juu ya ule mtaimbo tulioinamisha kwa ajili ya kitenge wewe umelaza mikungu miwili ya ndizi. Koku akaja na sanduku lake la dawa, mvua imeanza, akakuomba umwazime chombo hicho kwa siku moja tu, aende upande wa pili wa mlima. Ukashusha mikungu mbele ya watu ukasema, "Chukua basi, Mama Daktari, panda tukuone!" Akapanda. Tandiko lilikuwa limeshushwa mpaka mwisho, na bado vidole vyake havikuigusa pedeli ilipokuwa chini. Mmoja wa rafiki zako pale ghalani akapaza sauti: "Koku, kaka yako wa Tabora amekutumia baiskeli, miguu amesahau kuituma!" Wakacheka. Ukacheka nao. Baiskeli ikaenda hatua tano, ikalala, na chupa mbili za dawa zikavunjika kwenye tope.

Kaijage anasema Koku aliokota zilizosalia, akajifuta, akawaambia, "Chekeni upesi, nina wagonjwa." Kisha akaenda zake kwa miguu.

Nimefundisha kwa miaka mingi, na nimeona watoto wakimcheka mwenzao. Sikutegemea kusikia hivyo juu ya mtu niliyemfundisha mwenyewe kusoma.

Katika barua yako unajitetea kwamba kitu kikija nyumbani hukabidhiwa mrithi. Kwamba Koku ni binti, kesho ataolewa tena na baiskeli itaishia kwenye kibanja cha migomba cha ukoo mwingine. Kwamba mwanamke juu ya baiskeli angeleta maneno. Nakujibu. Sikutuma baiskeli kwa ukoo. Kama Koku ataolewa, na aondoke nayo, na ukoo huo mwingine ufaidike kwa kuwa na mke anayefanya kazi. Na kuhusu maneno, maneno tayari yapo. Yanasemwa juu ya marehemu mumewe, aliyefanya biashara ya samaki visiwani, na alivyokufa. Unadhani akitembea kwa miguu yatanyamaza?

Naijua sababu yako ya kweli, na sitaificha. Wewe unaogopa. Rafiki yako uliyecheza naye mpira aliugua miezi minne hatua chache kutoka kwako, na hukukanyaga kwake mpaka siku ya maziko. Koku alikuwa akienda. Kila akitoka nyumbani na lile sanduku anakukumbusha mahali ambapo wewe hukwenda. Ndiyo maana ulicheka.

Kaijage aliniambia pia kwamba umeyang'oa madigadi ili mikungu isikwaruzwe, na bati la mnyororo umelitupa. Miezi saba, Kamugisha. Nilimwambia Maganga. Aliinuka akaenda kunawa mikono.

Nimekuwa mkali kwako, na sitafuta hata neno moja, lakini ni haki niseme na langu. Mara ya mwisho kumwona Koku ilikuwa mwaka wa vita, nilipokuja kuangalia kama mko hai. Alikuwa msichana wa shule aliyebeba mtungi. Sikuja alipoolewa, na sikuja kumzika shemeji. Kama ningekuwa ndugu anayejua dada yake ana kimo gani, kamba ile isingenidanganya hata dakika moja. Na barua ya kuomba vipimo nilikuandikia wewe. Aliyekuwa na miguu hiyo sikumwandikia. Kosa hilo ni langu, na linanikasirisha kuliko lako.

Sasa sikiliza. Mkuu wa zahanati, kama Kaijage alivyosikia huko, amemwambia Koku kwamba asipoweza kuvifikia vijiji vyote vinne kila wiki ifikapo Pasaka, kazi itapewa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine hayupo. Kwa hiyo wagonjwa wale watabaki bila mtu.

Nilimuuliza Maganga kama fundi wa Bukoba anaweza kuipunguza fremu. Alisema, "Mwalimu, fremu si gauni, haipunguzwi upindo. Iletwe hapa niikate yote nianze upya." Akianza leo, haitawahi Pasaka.

Nimemwandikia Koku mwenyewe safari hii, kwa mkono wa mchungaji, nikamwekea njia mbili mbele yake. Ya kwanza: baiskeli irudi Tabora pamoja na kamba atakazojipima mwenyewe, naye atembee kwa miguu mpaka irudi, kazi ikiwa bado ipo au haipo. Ya pili: baiskeli ibaki ilivyo, kwa kuwa inakukaa vizuri sana, na wewe Kamugisha uwe mwendeshaji wake. Yeye atakaa nyuma kwenye keria, na sanduku litakaa mbele. Mtapita pale kwenye ghala la kahawa, mbele ya wale wale, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mvua au jua, na mkifika hutabaki barabarani kuichunga baiskeli. Utaingia naye ndani na kumsalimu mgonjwa kwa jina lake.

Vyovyote iwavyo, yarudishe madigadi leo. Litafute lile bati popote ulipolitupa. Mikungu ibebe kichwani.

Nisalimie Mama, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali, nitamuuliza. Nisalimie shemeji yangu, mkeo, ambaye nasikia ndiye aliyemkaushia Koku nguo siku ile. Mwambie sijalisahau hilo. Nisalimie shangazi yetu wa Rubya, na mchungaji, na mzee jirani aliyetupa mche wa kwanza wa kahawa, kama bado anaona.

Hatima ya baiskeli hiyo sitaiamua mimi, wala wewe. Nimemwomba Koku aamue, na nimemwahidi kwamba hakuna mwanamume wa nyumba yetu atakayempinga. Akishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, nawe utafanya.

Ni mimi kaka yako,
Rwegoshora