Kwa Kulwa, Uliyeniachia Mashine na Mama

Kulwa,

Sikuamkii. Usinikunjie uso huko uliko. Maisha yetu yote ulinidai shikamoo eti kwa sababu ulitangulia kutoka tumboni, nami nikakukatalia, na kufa kwako hakujabadilisha msimamo wangu. Nakuandikia kukupa habari tu, maana najua usivyopenda kupitwa.

Kwanza, kazi yako ninayo mimi. Baada ya msiba, Bwana Masele, yule mjiolojia mkuu wenu, alikuja mpaka Kahama kutupa pole. Nilipomletea chai, na sura hii yetu moja, alishtuka nusura amwage kikombe. Akaniuliza kama nami najua kompyuta, nikasema najua ulichonifundisha wewe. Akasema basi, yatosha. Sasa niko kambini Geita, ndani ya kontena lile lile lenye baridi ya kutetemesha, kwenye kiti chako. Mwanzoni wapishi walikuwa wakiniona wanatimua mbio. Mmoja alidondosha sufuria ya maharage, tukala ugali kwa chumvi. Jamani, nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia tu.

Ile mashine ya kuhifadhi kumbukumbu niliiogopa. Matokeo yote ya uchorongaji yamo mle, kila shimo na kila kipande cha mwamba, na ukikosea umewapotezea watu kazi ya mwaka mzima. Kilichoniokoa ni somo lako la jikoni kwa Mama, ukiwa likizo, umesimama mbele ya kabati la vyombo na mwiko mkononi kama mwalimu mkuu.

"Kuipiga mashine picha si kununua kabati jingine," ulisema. "Ni kukubaliana tu. Tunalitazama kabati lilivyo sasa hivi. Kuanzia hapa, anayeleta kikombe kipya asitupe cha zamani, akiweke kwenye kapu. Kesho ukitaka kuliona kabati la leo, unaangalia vya zamani vilivyobaki kabatini na vilivyomo kapuni." Nikakuuliza nyumba ikiungua je? Ukanipiga mwiko kidogo begani, ukasema ndiyo hasa, kabati na kapu vyote vimekwenda, kwa hiyo picha peke yake haitoshi, unahitaji na kloni. Kloni ni kabati la pili kamili, na vyombo vyake, nyumba nyingine. Siku ya kwanza hakuna wa kuyatofautisha. Baadaye huku kinavunjika kikombe, kule inaongezwa sahani, kila moja na maisha yake.

Halafu ukanionya jambo nililolidharau. Ulisema kloni huanza na diski mbili zinazofuatana, kinachoandikwa hapa kinaandikwa na kule. "Zikiwa bado zinafuatana, Doto, hiyo ya pili si kloni. Mpaka uzitenganishe." Niliitikia ndiyo ndiyo huku nawaza viazi vyangu motoni.

Basi sikiliza. Bwana Masele alikataza diski zisitenganishwe. Aliona zikifuatana muda wote ndiyo usalama wenyewe. Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, akiwa anasafisha mafaili yake, akafuta kilima kizima. Matokeo ya mashimo yote ya kile kilima cha mashariki, yamekwenda. Akaniambia bila wasiwasi, fungua diski ya pili. Nikafungua. Hamna kitu. Ile ya pili ilikuwa imefuta pale pale, kwa utii ule ule. Wee! Mzee alikaa chini kwenye sakafu, na suruali yake ya kunyooshwa.

Ndipo nikakumbuka kapu. Ile ratiba uliyoiweka wewe, ya kupiga picha kila asubuhi kabla ya chai, hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imeendelea yenyewe wakati wote ule, Kulwa, wewe uko chini ya udongo. Nikafungua picha ya asubuhi ile na kilima chote kikawemo, shimo kwa shimo. Bwana Masele akasema, "Asante, Kulwa." Nikataka kumsahihisha, nikamwona macho yamemjaa machozi. Hakuwa amekosea. Alikuwa anakushukuru wewe.

Jioni ile nikazitenganisha diski, kwa ruhusa yake. Nilipokuwa nasubiri mashine imalize, akili yote ikawa kwa Mama.

Hili sikutaka kukuambia. Tangu tukuzike, Mama ananiita Kulwa. Mwanzoni nilidhani ulimi unateleza. Kumbe sivyo. Ananipakulia chakula wa kwanza, haki yako ile. Ananiuliza vidonda vyangu vya tumbo vinaendeleaje, mimi ambaye nakula pilipili kama karanga. Na kanga, unajua mambo yake ya kanga: ananunua pea moja kwa mzee Karim, anaikata, kipande chako, kipande changu, tangu tulipoanza kujifunga. Ameendelea. Ila alinipa kipande chako, kingine akakitia kwenye kapu chini ya kitanda. Akasema, "Hiki cha Doto, atakikuta akija."

Nilienda nyuma ya nyumba nikashikilia ukuta. Nilikuwa nimekupoteza wewe, na hapo hapo nikaambiwa niliyeondoka ni mimi. Niliumia, dada yangu. Nilikuonea wivu, wewe marehemu! Lakini ningemnyima vipi? Nikaitika. Safari baada ya safari nikaitika jina lako.

Baada ya mambo ya kilima nikaomba ruhusa. Nikapanda gari la kupitia Runzewe, nikafika Kahama vumbi mpaka kwenye kope. Mama akanipokea, "Kulwa wangu." Sikuitika. Nikamshika mkono nikamsimamisha mbele ya kabati la vyombo, nikamfundisha somo lako lote, mpaka mwiko niliushika. Picha, kapu, diski mbili zinazofuatana, na kwamba zisipotenganishwa kinachofutwa huku kinafutwa na kule.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani hajaelewa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mkizitenganisha, ile ya kwanza inaumia?"

Nikamwambia haiumii, Mama. Picha yake inabaki vile vile, hakuna wa kuigusa.

Akaketi kwenye kigoda akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Alikuwa anajua siku zote. Alisema aliogopa kwamba siku atakayoacha kukuita, hutakuwepo tena popote. Tukalia pamoja mpaka mboga ikaungua.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mzee Karim. Akarudi na pea ya kanga, akaiweka mapajani mwangu, haijakatwa. "Doto, ng'wana wane, mwanangu. Kimoja jifunge, kimoja ujitande."

Kulwa, sikujua kukivaa cha pili. Mtu mzima mimi! Mama ndiye aliyenitanda, akanirekebisha mabegani, akanitazama muda mrefu, mimi, si wewe.

Picha yako imebaki ukutani na sketi ile ya bluu na tabasamu la kujiona. Hutabadilika. Mimi nitabadilika, tayari nina mvi moja, nimeing'oa. Nakuahidi nitayafanya ya kwangu, hata yale ambayo ungeyacheka, na asubuhi kabla ya chai nitakukumbuka vile ulivyokuwa, bila kukuongezea wala kukupunguzia. Na Mama niachie, ninaye.

Sasa nimekupita umri. Tukikutana nitakuwa bibi kizee mwenye mkongojo na wewe binti mbichi, na wewe ndiye utakayeniamkia, utake usitake. Nitaitika kwa madaha.

Lakini leo, mara moja tu, na usizoee.

Shikamoo, dada.

Doto