Shokapu Fupi ya Dada

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Ile shokapu ya nyuma ya baiskeli ya dada, niliyojitia fundi kuibadilisha? Nimeweka fupi. Nilipima ya zamani huku nimeikalia baiskeli. Nimeikalia, shoga! Si ilikuwa imebonyea kwa uzito wangu!

Sasa nyuma imeshuka, pedeli zinakwaruza mawe, na ukiruka kidogo tu tairi linagonga fremu.

Dada kaja, kapanda, kacheka: "Mdogo wangu, leo miguu inafika chini! Umenijulia!"

Umenijulia!

Mashindano yake ya kushuka mlima kwa baiskeli yanaanza sasa hivi. Ile ya zamani nilishaitupa.

Nakuandikia kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika kiti chake, naye ananiuliza mbona siachii.