Taulo za Mama Mkwe Getini

Shoga, nimejifungia chooni, nakuandikia kwa hasira.

Asubuhi mama mkwe alitoka kuoga, akajifuta uso, akainusa taulo. Kisha taratibu: "Mwanangu, taulo hii inanuka uvundo." Uvundo. Mimi, ninayefua mpaka mikono inachubuka.

Nikamweleza kuwa mwenye nyumba amekataza kuanika nje, eti tunaharibu sura ya jengo, kwa hiyo taulo zinakaukia koridoni. Akasema, "Na sabuni mnazidisha." Akaziloweka zote kwenye maji moto na siki, akazisuuza, akabeba ndoo, akaenda kuzianika getini. Getini, shoga, kwenye jua kali.

Mwenye nyumba akatoka amefura. Kumwona mtu mzima, akanywea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kamba ya nguo iko wapi?"

Unakumbuka vikao nilivyoitisha kumwomba mwenye nyumba kamba ya nguo? Unakumbuka aliponiita mchochezi mbele ya wapangaji wote? Leo kaenda dukani mwenyewe, karudi na kamba, anaifunga uani.

Na unajua kamwambia nini mama? "Samahani sana, hakuna mpangaji aliyewahi kuniambia."

Hakuna aliyewahi kumwambia.

Ndiyo maana sitoki humu. Nikitoka sasa hivi, hiyo kamba nitamfungia yeye.