Ngitili Isiyoliwa

Jumanne, Oktoba

Na bado akanishukuru!

Mwaka juzi nilimwomba baba afunge ngitili, malisho yetu ya kiangazi kule mlimani, ng'ombe wasiguse kitu, udongo upumzike. Baadaye nilimchimbulia aone: ndani ya ngitili mweusi, umejaa mizizi, nje yake mwekundu, mgumu kama tofali. Nikamweleza kwamba weusi ule ni kaboni, nyasi za miaka mingi zilizozikwa humo. Akacheka, "Na ng'ombe wangu watakula weusi?" Lakini hakufungua, maana afisa mifugo wa kata ni mimi, bintiye.

Leo mdogo wangu Masanja amekuja na plau. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie na malori yao, kila nyasi yeye anaona pamba.

"Ngitili ni ya ng'ombe," alisema mbele ya baba. "Isipoliwa ni pori, na pori ni la mwenye jembe. Wabeja, asante sana dada, umenitunzia shamba."

Baba aliitikia kwa kichwa. Mila ndiyo hiyo, hata mimi naijua.

Plau ikipita, weusi wote utaishia hewani. Nilifunga ngitili, kumbe nilijifunga mwenyewe. Kukicha nitampigia baba magoti awaingize ng'ombe wale wale niliowafukuza.