Mbuzi wa Shujaa

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Mimi nilizaliwa na bahati. Wengine walizaliwa na mashamba. Miaka minane iliyopita lori lilipinduka na mimi ndani, pale Mtito Andei, magurudumu juu kama mende, na nikatoka bila hata mkwaruzo. Nikakung'uta suruali. Nikamvuta dereva nje. Migwani nzima inaijua hiyo hadithi. Asiyeijua hajawahi kuniletea nguo ya kushona.

Leo kaptura tatu na gauni moja la kwaya. Mchana nikawasomea watu gazeti la picha. Lile la Mwewe, mtu wa barakoa, anaruka juu ya mapaa na kuzuia lori kwa mkono mmoja. Kiingereza changu kiliishia darasa la tano, lakini kinapoishia naongeza changu. Veranda ikajaa.

Adui wa Mwewe ni Jivu. Uso wote umeungua. Zamani walikuwa marafiki, nyumba ikashika moto, Mwewe akakimbia akamwacha ndani. Nilingoja watu wamzomee Jivu. Mama Ndunge, anayeuza ndengu hapa mlangoni, akasema, "Huyo Mwewe hata jasho hatoi. Mimi nampenda Jivu. Mtu amechomwa, asiwe na hasira?"

Wote wakamkubali. Nilicheka. Lakini imenikaa moyoni.

Jumanne, 3 Agosti

Siku ya soko. Mutinda amekuja! Dereva wangu mwenyewe. Ametoka Tseikuru na fimbo, mguu wa kushoto bado unachora mstari kwenye vumbi. Tangu ajali hajagusa usukani. Sasa ni mtu wa mbuzi.

Ameniletea beberu mweupe. Atachinjwa Ijumaa hapa kwangu, majirani wale, na Mutinda asimame aseme mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemtoa kwenye lori. Anasema hawezi kuzeeka bila kunishukuru kwa damu ya mbuzi, kama wazee walivyofanya.

Tulimfunga beberu kwenye mguu wa cherehani. Kugeuka, amekula kurasa nne. Amemla Mwewe na barakoa yake. Jivu amebaki mzima. Mama Ndunge alicheka mpaka akamwaga ndengu.

Jumatano, 4 Agosti

Sikushona vizuri. Shati la mwalimu nimelitia mkono ndani nje.

Mutinda amekaa verandani, anamsimulia kila mteja. Katika hadithi yake mimi ni mrefu kuliko nilivyo, na nilimbeba begani. Sikumrekebisha. Nilikaza shingo tu, nifanane.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo nimejua kwa nini amekuja sasa. Jumamosi anaenda Mtito Andei. Amesikia fundi Mwangi amerudi kufungua gereji. Mwangi ndiye aliyetengeneza breki za lori letu wiki ile. Baada ya ajali watu walimwita muuaji, ingawa hakuna aliyekufa. Hakupata tena gari la kutengeneza, akabeba watoto akarudi kwao Nyeri. Mutinda anataka kusimama mbele ya gereji na kuwaambia madereva wote wampite. Mimi niwe shahidi.

"Wewe ulikuwa ndani, Nzioka. Uliona breki zikikataa."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo!

Mutinda si mtu mbaya. Anaombea hata uji. Lakini akitaja Mwangi anakaa wima, macho yanawaka, unadhani mguu umepona. Hasira hiyo ni fimbo yake ya pili. Miaka minane ameegemea mtu mmoja mbaya na mtu mmoja mzuri, kama sisi tunavyoegemea Mwewe na Jivu, tusisumbuke kufikiri. Na wote wawili nimemtengenezea mimi. Nimewashona, nimewapiga pasi.

Breki zilikuwa nzima. Mimi najua.

Nikinyamaza, Mwangi anaharibiwa mara ya pili. Nikisema, simpati tena Mutinda, na hapa Migwani nitakuwa nani? Fundi wa kaptura.

Ninaogopa.

Ijumaa, 6 Agosti

Watu walikuja wengi. Mzee wa kanisa aliomba, maombi marefu, beberu akapiga chafya katikati. Mutinda akanoa kisu. Wanaume wakamlaza beberu.

Nikasema ngojeni.

"Aiya! Fundi anaogopa damu!" Mama Ndunge akapiga kelele. "Na huyu ndiye Mwewe wetu?" Kicheko. Siku nyingine ningecheka kuwashinda wote.

Nikasema breki hazikukataa. Mwangi hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, nilitumwa kazi ya dakika moja sikuifanya. Nikawaeleza yote mpaka mwisho.

Mutinda alikaa chini. Akauliza moja tu.

"Na kunivuta, ulinivuta?"

"Nilikuvuta."

"Hiyo nayo ni kweli?"

"Hiyo ni kweli, ndugu yangu."

Akamfungua beberu miguu. Watu wakarudi kwao bila nyama. Wakamba hawasamehe hilo upesi.

Jumapili, 8 Agosti

Sikuenda kanisani. Kumetulia. Cherehani imefunikwa.

Jana asubuhi Mutinda alikwenda na beberu kupanda basi. Anampeleka kwa Mwangi. Niliomba kumsindikiza mpaka huko. Akasema, "Utaenda. Lakini si na mimi. Na uende na kitu mkononi, mdomo wako tumeuzoea." Hakunipa mkono. Hakunitukana pia.

Mama Ndunge amepita na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Akaliweka, akakaa kidogo, akasema wiki hii nisome kurasa zilizobaki, zile za Jivu. Nikamwambia nitasoma yaliyoandikwa tu. Akasema basi itakuwa fupi.

Nimesoma tena niliyoandika Jumatatu. Mwewe anazuia lori kwa mkono mmoja. Mimi sikuombwa mkono. Niliombwa jiwe. Ndiyo kazi ya tanboi: lori likisimama mlimani, ruka chini, weka jiwe nyuma ya tairi, maana breki ya mkono peke yake haibebi mzigo mlimani. Mutinda alilala kwenye usukani, injini ipoe. Akaniambia weka jiwe. Msichana wa hoteli alikuwa amenichekea, nikaenda kunywa chai kwanza. Nilikuwa nimeshika kikombe lori lilipoanza kurudi nyuma, polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Sikupata mkwaruzo kwa sababu sikuwa ndani. Bahati sina. Nilidanganya.