Yule Mwanamke Anayepanda Maua Kwangu

Kericho

Mpenzi wangu Mama Akinyi,

Nakushika mkono kutoka huku kwenye baridi. Mmeamkaje? Kiuno cha mama yangu kinaendeleaje tangu uende huko nyumbani kumwuguza, ameanza kukaa mwenyewe? Mimi ni mzima, na kazi ya kiwandani inaendelea.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno. Hukuuliza hata kama ninakula. Baadaye ndugu yangu Ouma akaniambia umesikia kuna mwanamke anapanda maua mbele ya nyumba yangu. Ni kweli, yupo. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Unakumbuka yale maua ya majani meusi, manene, uliyokuwa ukisimama kuyatazama kwa meneja tukitoka kanisani? Mtunza bustani wake anayaita sedumu. Alinipa vipande, nikapanda chini ya dirisha ili uyakute ukirudi. Nikayamwagilia kila jioni, nikaweka na mbolea ya ng'ombe. Yakarefuka, yakageuka kijani, yakalala chini, mengine yakaoza. Niliumia sana.

Ndipo jirani yetu mpya, mjane mzee kutoka Silibwet ambaye watoto humwita Kogo, yaani nyanya, akanipigia kelele: "Wewe, unaua hiyo kitu! Iko na maji yake ndani ya majani. Peleka kwa jua!"

"Na hii mvua yote, Kogo?"

"Ndiyo maana! Weka pale kwa mteremko, maji ipite."

Akainama nami, tukachanganya kokoto na udongo, tukayapanda ukingoni mwa njia palipo na jua. Majani yakarudi meusi. Sasa maua mengine yote yamekwisha, na hayo ndiyo kwanza yanachanua, mekundu ya kupauka, nyuki wamejaa. Jumapili niliyatazama nikakosa wa kumwambia, "Ona."

Huyo ndiye mwanamke wangu. Meno yamembakia machache, na kila siku ananiuliza, "Mama ya hii nyumba atarudi lini?"

Msalimie mama, dada yangu anayekusaidia kumwuguza, na watoto wetu.

Likizo yangu imekubaliwa. Nitafika kabla ya Krismasi. Kama bado umenikasirikia, usinyamaze kama kwenye barua ile. Nigombeze palepale mlangoni, mbele ya watu wote. Nimekaa muda mrefu bila kusikia sauti yako.

Ni mimi mume wako,
Odhiambo