Nafasi Nyuma ya Mfupa wa Kinena

Kasese, 9 Juni 1957

Kwa dada yangu Mayimuna, Hamukungu.

Salaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na kifua kiwe kimekuachia. Sisi huku tunapumua tu. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu tumzike mdogo wetu Siraje.

Barua yako nimeipata. Unasema Ramula amemuua mumewe kwa chai, nimrudishe kwao Karusandara hata kabla eda haijaisha. Maneno hayo yameniuma, dada. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo.

Vikombe vinane alimpa, ni kweli. Lori langu lilipombana kwenye ukuta wa ghala, Siraje alijikongoja mpaka kitandani, akitutania kwamba lori limemkumbatia kuliko mkewe. Tumbo lilikuwa laini. Mkojo tu ndio ulikataa, matone mawili matatu ya damu. Ramula akadhani mwili umekauka, akamnywesha, na mimi nikamwambia aongeze. Siku ya tatu homa ikapanda, tukampeleka hospitali.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Nyuma ya mfupa wa kinena, mbele ya kibofu, iko nafasi ndogo, nje kabisa ya tumbo. Mfupa ulivunjika, kibofu kikapasuka upande wa mbele, damu na mkojo vikajaa humo. Ndiyo maana tumbo halikutuonyesha kitu. Alipasua chini ya kitovu akatoa painti tatu zilizooza, lakini sumu ilikuwa imeshaenea.

Nikamuuliza habari ya chai. Akasema kibofu kilipasuka kabla ya kikombe cha kwanza. Kikiwa kitupu hujificha nyuma ya mfupa. Kikijaa hupanda na kukazana, pigo moja linatosha.

Dada, sheria yangu kwa madereva unaijua: Bwera mpaka Kasese hakuna kusimama njiani, treni ya mizigo haingoji mtu. Siku ile Siraje aliendesha kwa saa mbili na dakika kumi bila kushuka. Aliposhuka alikuwa anakimbilia nyuma ya ghala, akaniomba, kaka, niache nikojoe kwanza. Nikamwambia afungue kwanza mlango wa nyuma wa lori, ni dakika mbili tu. Jiwe la kuzuia gurudumu likateleza, lori likarudi nyuma.

Hayo sijamwambia mtu, hata Ramula, na yeye analia akivihesabu vikombe vyake. Leo jioni nitamwambia. Nyumba hii hatoki. Na wewe, wote uliowapa habari ya chai wasomee barua hii, usiruke mstari.

Nisalimie shemeji na watoto, kama bado watazipokea salamu zangu.

Ndugu yako,
Musitafa